Haki ya Mti Utoao Ubani

Miongoni mwa vitu ambavyo mwanadamu huvipenda bila ya kufundishwa, harufu nzuri ni kimoja. Mtoto mdogo hajui jina la asumini, walakini ua hilo likipitishwa karibu na pua yake hutabasamu. Katika pwani yetu, tangu Lamu mpaka Vanga, ni vigumu kuitaja nyumba yenye adabu bila ya kukitaja chetezo. Mtoto akizaliwa chumba hufukizwa. Bibi arusi akipambwa nguo zake hufukizwa. Mgeni wa heshima akiingia udi hutiwa motoni. Na maiti akioshwa ubani huwaka karibu naye. Hata lugha imelishika jambo hili: mtu akipeleka fedha kwa wafiwa husemwa kuwa ametoa ubani, ingawa mkononi mwake hapakuwa na hata punje moja ya utomvu. Bara nako moshi una kazi yake. Wamaasai husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha mzeituni wa mwitu, na maziwa yale huwa na ladha ambayo mtu aliyekua nayo haisahau popote aendapo.

Basi ubani ni kitu kizuri, na mtu akipendaye hana lawama. Lakini msomaji, kila kitu kizuri kina njia iliyokifikisha kwetu, na njia ile yaweza kuwa safi au chafu. Swali ninalotaka tulifikiri pamoja ni hili: je, kitu kizuri kilichopatikana kwa ubaya kingali kizuri? Na tena: mtu achumaye porini kitu kisicho na mwenyewe, ana deni kwa nani? Maswali haya hayawahusu wafanyabiashara wakubwa peke yao. Yamhusu kila kijana anayetoka nyumbani na kikapu mkononi kwenda kutafuta magome, majani na matone ya utomvu ili ajitengenezee ubani wake.

Yafaa kwanza tujue ubani ni nini. Ubani hauchumwi kama embe. Embe ni tunda. Mti hulitoa ili liliwe na mbegu yake isafiri, na alilaye huufanyia mti wema. Utomvu sivyo ulivyo. Gome la mti wa ubani likipasuliwa na mdudu, au na pembe ya mnyama, au na kisu cha mtu, utomvu mzito hutoka ukaliziba jeraha, ukawazuia wadudu na maradhi wasiingie mwilini mwa mti. Hewa huukausha utomvu ule, ukawa tone gumu lenye rangi ya asali au ya maziwa. Kwa hiyo kile tukiitacho ubani ni dawa ambayo mti umejiwekea juu ya kidonda chake. Manemane nayo ni vivyo hivyo. Udi una kisa cha ajabu zaidi. Mti wake humea India na nchi za kusini-mashariki ya Asia, na ukiwa mzima ubao wake ni mweupe, mwepesi, wala hauna harufu ya kutajwa. Ni pale unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu ndipo moyo wake hujaa utomvu mweusi, na ubao ule ulioshikwa na ugonjwa ndio unaouzwa kwa bei ya dhahabu. Karibu kila harufu tunayoitia motoni ilianza kwa maumivu ya mti, kama neno maumivu laweza kutumiwa kwa kitu kisicholia.

Sasa na tuangalie kazi yenyewe, kwa sababu mtu hawezi kuhukumu kazi asiyoijua. Kutengeneza ubani nyumbani si jambo gumu. Jambo la kwanza ni kuujua mti. Mti usioujua usiutie motoni. Mnyaa, kwa mfano, ni ua la nyumba nyingi, lakini utomvu wake mweupe waweza kumpofusha mtu akiingia machoni. Waulize wazee wa pahali pako. Jina la mti na tabia yake ni elimu ambayo hufa pamoja na mzee asiyeulizwa. Jambo la pili ni kujua ulipo. Msitu wa serikali una sheria zake na ruhusa zake. Shamba la mtu lina mwenyewe. Na msitu mtakatifu una wazee wake.

Ukisha kuyajua hayo, okota. Chini ya miti ya nchi kavu, na juu ya magome yake, utayaona matone yaliyokwisha kukauka. Chukua yale yanayoanguka kwa kuguswa tu, uyaache yale ambayo bado ni laini na yameshikamana na kidonda, kwa maana hayo yangali kazini. Majani ya mleleshwa, ambayo yana harufu kama ya kafuri, hupatikana kwa wingi katika Bonde la Ufa. Chuma vijiti vichache katika kila kichaka, usikivue kichaka kimoja nguo zote. Ubao wa mtarakwa uokotwe katika tawi lililokwisha kuanguka. Mrehani, mchaichai na maua ya mwasumini hupatikana bustanini, na karafuu na mdalasini dukani.

Majani na maua hukaushwa kivulini, maana jua kali huiba harufu yake. Utomvu hutwangwa alfajiri wakati wa baridi. Mchana wa joto hulainika ukagandamana na mchi. Chukua mafungu mawili ya utomvu uliotwangwa, fungu moja la ubao uliosagwa, na fungu moja la majani makavu. Vichanganye kwa asali kidogo, au kwa gundi ya mgunga iliyolowekwa katika maji, mpaka viweze kufinyangwa. Fanya vidonge vidogo kama punje za kunde, uviache mahali pakavu penye hewa kwa wiki mbili au zaidi. Wakati wa kufukiza, kaa la moto lifunikwe kwa majivu kwanza, kisha kidonge kiwekwe juu ya majivu. Kidonge kikitupwa juu ya kaa tupu huungua mara moja, na badala ya harufu nzuri nyumba hujaa moshi mkali. Wanawake wa pwani wapikao udi wa sukari wanaijua siri hii tangu zamani: moto mdogo hutoa harufu, moto mkubwa hutoa masizi.

Hiyo ndiyo kazi. Ni kazi ya mikono, ya subira, na ya gharama ndogo. Mtu aweza kusema: kama ni rahisi hivi, na miti iko tele porini, haya maswali ya haki na deni yametoka wapi? Na tuwasikilize wasemaji wa upande huo mmoja mmoja, kwa kuwa hoja isiyosikilizwa haijashindwa.

Msemaji wa kwanza husema, "Mti wa porini hauna mwenyewe. Kisicho na mwenyewe ni cha aliyekiona kwanza." Hoja hii ina nguvu, na sheria za watu wengi zimeikubali kwa kiasi fulani. Walakini tazama inakotupeleka. Kitu chenye mwenyewe kina mlinzi. Mwenyewe atahesabu, atazuia, atasema leo imetosha. Kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kusema imetosha, isipokuwa yule yule anayekichukua. Kwa hiyo kutokuwapo kwa mwenyewe hakupunguzi wajibu wa mchumaji, bali huuongeza. Shambani kwa mtu, mchumaji ni mchumaji tu. Porini, mchumaji ni mchumaji na mlinzi pia, na akikataa kazi ya pili hakuna mwingine wa kuifanya. Wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Hawakusema kuwa buyu lile liliibwa. Kila aliyechovya alichovya kidogo, na pengine kila mmoja alikuwa na haki ya kuchovya. Lakini buyu liliisha.

Wazee wa Mijikenda waliifahamu hoja hii kabla yetu. Katika misitu yao ya kaya iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, miti haikuwa mali ya mtu mmoja, wala haikuachwa bila ya ulinzi. Ilikatazwa kukata mti ovyo. Njia za kupita zilijulikana. Na kilichochukuliwa kilichukuliwa kwa ruhusa na kwa haja. Matokeo yake yanaonekana mpaka leo. Mahali ambapo mwitu wa pande zote umekwisha kuwa mashamba na majumba, misitu ya kaya ingali imesimama, na mwaka 2008 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Huhitaji kuamini kila waliloliamini wazee wale ili uone kwamba walikuwa wamelijibu swali letu. Walisema kwa miiko kile ambacho sisi twajaribu kukisema kwa hoja: kwamba kitu cha wote chahitaji kiasi kuliko kitu cha mmoja.

Msemaji wa pili husema, "Mti hauna hisia. Haulii, hauogopi, haujui kuwa umekatwa. Huwezi kumdhulumu asiyejua dhuluma." Nami sitasema kwamba mti huumia kama wewe unavyoumia. Lakini dhuluma haipimwi kwa kilio peke yake. Mtu akimwibia aliyelala, aliyelala hakulia, walakini ameibiwa. Tena mti una jambo lake ambalo hulitafuta kwa kila jani na kila mzizi, nalo ni kuishi na kuacha mbegu. Wataalamu walioichunguza miti ya ubani ya Eritrea, na kuandika habari zake mwaka 2006, waliona jambo la kuhuzunisha. Mbegu za miti ambayo haikugemwa ziliota zaidi ya themanini katika kila mia. Mbegu za miti iliyogemwa sana ziliota kumi na sita hivi tu katika kila mia. Sababu yake si fumbo. Mti una akiba moja ya chakula. Ukilazimishwa kuitumia yote kwa kuziba majeraha, haubaki na cha kuwapa watoto wake. Mti ule hukusimamia mbele ya macho ukiwa na majani na utomvu kila mwaka, nawe ukadhani hukuuharibu, kumbe umeuondolea kizazi.

Mwaka 2019 uchunguzi mwingine, uliokusanya habari za misitu mingi ya mti ule ule, ulionya kwamba mavuno ya ubani yaweza kupungua kwa nusu katika muda wa miaka ishirini. Katika sehemu nyingi wachunguzi walikuta miti mizee peke yake. Miche haikuwapo, ama kwa kuliwa na mifugo, ama kwa kuunguzwa na mioto, ama kwa mti kugemwa kupita kiasi. Msitu ule unafanana na kijiji chenye wazee wengi ambamo hakusikiki sauti ya mtoto. Aliyepita kijijini atasema watu wako. Aliyekaa na kufikiri atajua kwamba kijiji kimekwisha.

Msemaji wa tatu ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, na ole wake mwandishi atakayempita kwa haraka. Husema, "Wewe umeshiba, ndiyo maana wanihubiria juu ya miti. Mimi nina watoto." Tuseme ni mama wa nchi kavu ya kaskazini. Mvua imekosa misimu miwili. Mbuzi wamekufa. Miti ya ubani na manemane, ambayo mizizi yake huvumilia kiangazi, ndiyo peke yake iliyobaki na kitu cha kutoa. Mwenye duka hununua utomvu kwa kilo. Fedha ile ni unga, ni sare ya shule, ni kalamu. Je, tutamwambia mama huyu ahesabu matone?

Mimi nasema kwamba tusimwambie neno lolote kabla ya kuyajua mambo mawili. La kwanza ni kwamba yeye, mara nyingi, si mharibifu. Katika Kenya sehemu kubwa ya utomvu huu huokotwa tu, baada ya mti wenyewe kuutoa kwa sababu ya wadudu au mipasuko ya gome. Wachungaji na wanawake huuokota wakiwa katika kazi zao nyingine. Mchumaji wa namna hii ana sababu kuliko mtu yeyote ya kuutaka mti uishi, kwa kuwa atarudi kwake kiangazi kijacho. La pili ni kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuumia mti ukifa. Mnunuzi wa mbali atahamia nchi nyingine, au atatengeneza harufu kwa dawa za viwandani. Yeye hana pa kuhamia. Kwa hiyo kumtetea mti na kumtetea mama si mambo mawili yanayopingana. Yanapingana tu pale bei inapokuwa ndogo mno, hata ikamlazimu mtu kuchukua mara tatu ili apate cha mara moja. Hapo lawama haikai kwa mchumaji peke yake. Humfuata mnunuzi, na humfuata mtu aketiye sebuleni kwake akinusa moshi mzuri bila ya kuuliza ulivyopatikana. Mchuma janga, husema wahenga, hula na wa kwao. Lakini katika biashara ya siku hizi janga huchumwa na wengi, na walio wake mchumaji maskini ndio wanaolila.

Kwa mfano wa mambo yanavyoharibika, tazama msandali wetu. Huu ni mti mdogo wa vilima vya nchi kavu, na mafuta yake yenye harufu yamo katika moyo wa shina na katika mizizi. Kwa sababu hiyo watu waliotaka mali ya haraka hawakuukata juu ya ardhi, bali waliung'oa pamoja na mizizi, wasiache kisiki cha kuchipua. Tena mti huu hauoteshwi kwa urahisi, maana mizizi yake hushika mizizi ya miti jirani ikanyonya sehemu ya chakula kutoka kwao. Kuupanda ni lazima kumpandia na jirani. Mwaka 2007 serikali ya Kenya ilikataza kuvunwa kwake porini. Mwaka 2013 msandali wa Afrika ya Mashariki ulitiwa katika mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa mwitu. Udi wa Asia ulitangulia: miti yote ya jamii yake iliingizwa katika mkataba huo kwa azimio la mwaka 2004, baada ya miti mingi kuangushwa na watu waliokuwa wakitafuta ile michache yenye ugonjwa ndani.

Sheria hizi ni nzuri, wala simshauri mtu azivunje. Walakini zinatufundisha jambo lingine pia. Sheria ilikuja baada ya uharibifu, kama tabibu aitwaye usiku wa manane. Na hata baada ya kuja, msandali uliendelea kuibwa, kwa kuwa askari hawezi kusimama kando ya kila mti. Palipo mbali na barabara, palipo na mti na mtu na panga, sheria ni sauti iliyo mbali. Kilicho karibu ni moyo wa mtu yule. Kama moyo wake haukufunzwa kiasi, askari elfu hawatoshi. Na kama umefunzwa, hata mmoja hahitajiki.

Hapo ndipo msemaji wa nne anapoinuka. Yeye hana njaa, wala hakatai kwamba mti waharibika. Husema tu, "Nisipochukua mimi, atachukua mwingine." Msomaji, jihadhari sana na hoja hii, kwa sababu utaisikia katika mambo mengi kuliko miti. Utaisikia katika chumba cha mtihani, katika ofisi ya umma na katika hazina ya chama. Ni hoja inayomgeuza mtu kuwa bora kidogo machoni pake na kumwacha mbaya vile vile matendoni. Kama ingekuwa kweli, basi hapana uovu duniani ambao usingehalalishwa, maana hapana uovu ambao hauna mwingine aliye tayari kuutenda. Mimi siulizwi matendo ya mwingine. Naulizwa ya mkono wangu. Tena si kweli kwamba mkono mmoja haufai kitu. Uharibifu wote tulioutaja ulifanywa na mkono mmoja, na mwingine, na mwingine. Na kila mmoja wao alisema maneno hayo hayo.

Limebaki jambo moja, nalo liko nyumbani si porini. Moshi wa ubani, hata ukiwa mtamu namna gani, ni moshi. Katika chumba kilichofungwa waweza kumbana kifua mtu mwenye pumu, na mtoto mchanga hana uwezo wa kutoka nje. Ni ajabu kwamba mtu aweza kuwa mwangalifu kwa mti ulio mbali akamsahau ndugu aliye pembeni yake. Basi fungua dirisha, weka chetezo mbali na pazia na mbali na mikono ya watoto, na uulize kwanza kama yumo nyumbani ambaye moshi humdhuru. Kama yumo, mheshimu kwa kuacha. Ubani ulitumiwa tangu kale kumheshimu mgeni. Haifai kuutumia kumdhulumu mwenyeji. Kiasi kile kile kinachohitajiwa na mti chahitajiwa na pafu.

Sasa naweza kulijibu swali tuliloanza nalo. Kitu kizuri kilichopatikana kwa ubaya hakigeuki harufu yake. Pua haitatuambia tofauti. Udi wa mti ulioangushwa ovyo na udi wa mti uliopandwa hunukia sawa. Kwa sababu hiyo hasa uzuri peke yake si shahidi wa kutosha. Ni lazima akili iulize kile ambacho pua haiwezi kukijua: kilitoka wapi, kilichukuliwaje, na kilichoachwa nyuma ni nini. Na yule achumaye kitu kisicho na mwenyewe ana deni kwa watatu. Ana deni kwa mti, kuuacha na nguvu za kupona na kuzaa. Ana deni kwa mchumaji atakayekuja nyuma yake, awe jirani wa leo au mtoto ambaye hajazaliwa. Na ana deni kwa nafsi yake mwenyewe, kwa kuwa mtu anayejizoeza kuchukua bila ya kiasi pale asipoonekana, hatakuwa mtu mwingine pale atakapopewa funguo za mali ya watu.

Deni hili lalipika. Hulipwa kwa kuokota kabla ya kukata. Kwa kuchukua sehemu na kuacha sehemu. Kwa kuupumzisha mti uliotoa mwaka jana. Kwa kumwuliza mwenye duka utomvu wake umetoka wapi, na kumlipa mchumaji bei ya haki. Zaidi ya yote hulipwa kwa kupanda. Zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu zake katika nchi ya Punt kutafuta ubani. Katika kuta za hekalu lake wachongaji walichora watu wakiipakia miti mizima katika merikebu, mizizi yake imetiwa vikapuni, ili ikapandwe Misri. Sisemi kwamba malkia yule alikuwa mwalimu wa kiasi katika kila jambo. Nasema tu kwamba hata tamaa ya wafalme iliona kuwa anayetaka harufu kesho hana budi kuufikiria mzizi leo.

Wewe, kijana, huna merikebu, lakini una uwanja wa shule na una ua wa nyumba yenu. Mwasumini hukubali kupandwa kwa kipande cha tawi. Mrehani huota katika kopo. Mtarakwa hutaka subira zaidi, na pengine aliyeupanda hatakaa chini ya kivuli chake. Mleleshwa huvumilia udongo mbaya na mvua chache. Panda mmoja kabla ya kwenda porini na kikapu. Kisha utakapoenda, nenda na mtu anayeijua miti, okota kilichoanguka, na ukirudi nyumbani ufukize kwa moto mdogo, dirisha likiwa wazi. Wazazi wako wakikuuliza harufu ile imetoka wapi, utaweza kuwaonyesha mti wenyewe ukiwa bado umesimama.